Kitunguu saumu kuota majani bila vichwa

Dada, ulivyoeleza kwamba saumu yako hapo Kampala imetoa majani mazuri lakini chini hakuna kichwa, mimi naona tatizo kubwa ni joto, wala si mkono wako. Saumu inahitaji baridi ndipo igawanyike punje. Ndiyo maana inakubali zaidi sehemu za juu kama Kabale na Kapchorwa.

Usikate tamaa lakini. Chukua vichwa vikavu, vitie kwenye mfuko wa karatasi, uviweke ndani ya friji (si kwenye friza!) wiki sita hadi nane. Tenganisha punje siku ya kupanda tu, chagua zile nene, ncha itazame juu, kina cha sentimita 3 hadi 5, nafasi sentimita 10 hivi. Tumia mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa, mbichi huozesha. Palilia mapema, saumu haivumilii magugu. Majani ya chini yakianza kukauka, acha kumwagilia.

Na hayo majani uliyo nayo sasa yakate uyatie kwenye maharage, ni matamu sana.