Rimoti imezama kwenye ndoo, na TV haioni simu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina TV ya inchi 43, ile ya Google TV, tunayo mwaka wa pili sasa. Wiki iliyopita mwanangu kaitumbukiza rimoti kwenye ndoo ya maji, na tangu hapo imekufa. Nikaambiwa simu inaweza kuwa rimoti. Nimepakua programu nne, zinatafuta weee, mwisho zote zinasema hakuna kifaa. Nyumbani hatuna ruta. TV ilikuwa inapata intaneti kwa hotspoti ya simu ya mume wangu, Samsung, na mwenyewe yuko Mbeya kikazi hadi mwezi ujao. Mimi natumia Infinix. Jumapili nina wageni, wazee wa upande wa mume, na nimeshaahidi kuwaonyesha video ya send-off ya mdogo wangu. Ninayo kwenye simu. Kama kuna waya wa kununua pia niambie. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Habari ni njema, dada, na pole kwa rimoti. Anza kwa kufuta hizo programu nne. Nyingi za aina hiyo zinaishi kwa matangazo, na hakuna hata moja ambayo ingekusaidia kwa hali ya TV yako ilivyo leo.

Rimoti ya kawaida hutoa mwale wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na TV huupokea bila kuuliza umetoka wapi. Programu ya rimoti kwenye simu haifanyi hivyo. Yenyewe huita TV kupitia mtandao wa Wi-Fi, kwa hiyo ni lazima simu na TV ziwe kwenye mtandao mmoja. Sasa TV yako haiko kwenye mtandao wowote, maana mtandao pekee inaoujua uko Mbeya, mfukoni mwa shemeji. Ukitaka kuiunganisha na mtandao mwingine, unahitaji rimoti. Hapo ndipo ulipokwama, na si wewe peke yako. Kati ya wateja wanaoniletea kesi ya "simu haioni TV", hii ndiyo naikuta mara nyingi kuliko zote.

Fundo lenyewe linafunguka hivi. TV haimjui shemeji wala haiijui Samsung yake. Inachokumbuka ni jina la hotspoti, nywila na aina ya ulinzi, basi. Simu yoyote itakayorusha jina lile lile na nywila ile ile, TV itaingia yenyewe kama kawaida, haitajua kwamba nyuma yake sasa kuna Infinix.

Kwa hiyo mpigie shemeji, lakini usikubali akusomee kwa mdomo. Mwambie afungue ukurasa wa hotspoti, aonyeshe nywila, apige picha ya skrini akutumie. Jina la hotspoti kwenye Samsung mara nyingi ni jina la simu likifuatwa na herufi na tarakimu, kitu kama "Galaxy A14 3C5F", na zile nafasi katikati nazo zinahesabika. Herufi kubwa ni kubwa, ndogo ni ndogo. Niliwahi kukaa saa nzima sebuleni kwa mteja kwa sababu ya nafasi moja iliyojificha mwisho wa jina. Haionekani kwa macho, ila TV ilikuwa inaiona.

Ukishapata, nenda kwenye mipangilio ya hotspoti ya Infinix, badilisha jina na nywila viwe kama kwenye picha. Ulinzi weka WPA2, isipokuwa picha inaonyesha kingine. Masafa weka 2.4 GHz, kwa sababu baadhi ya TV hazioni kabisa 5 GHz. Kisha washa TV kwa mkono. Kuna kitufe, kwa kawaida chini ya fremu pale katikati au nyuma upande mmoja. Papasa kwa vidole utakiona. Subiri kama dakika moja huku ukiangalia ukurasa wa hotspoti kwenye simu yako. Ukiona imeandika kwamba kifaa kimoja kimeunganishwa, kazi kubwa umemaliza. Isipoingia, chomoa TV ukutani, hesabu dakika moja, chomeka tena. Ikiwaka upya itatafuta mitandao inayoikumbuka.

Sasa rimoti yenyewe. Pakua programu inayoitwa Google TV, ya Google wenyewe, ya bure. Ndani yake kuna alama ya rimoti. Ukiigusa itatafuta TV na kukupa jina lake. Chagua, na TV itaonyesha msimbo wa herufi na tarakimu sita ambao utauandika kwenye simu. Ukiona duara kwenye msimbo huo, ni sifuri; herufi O haimo, kwa sababu msimbo unatumia A hadi F tu pamoja na tarakimu. Baada ya hapo una mishale, sauti, kurudi nyuma, na kibodi ya simu kwa kuandikia, ambayo kwa kweli inaishinda rimoti yoyote. Aliyewahi kutafuta wimbo YouTube kwa kubonyeza mshale herufi moja moja anajua ninachosema.

Kuna jambo moja tu. Simu inayotoa hotspoti wakati mwingine haiioni TV iliyoiunganisha yenyewe. Baadhi ya simu zinafanikiwa, nyingine hazioni kitu. Jaribu kwanza na Infinix yako. Ikigoma, chukua simu ya pili hapo nyumbani, ya dada wa kazi au ya jirani, iingize kwenye hotspoti hiyo hiyo, na Google TV uifungulie huko.

Haya yote yana njia ya mkato, nayo ni mausi ya kompyuta. Ile ya kawaida ya USB, hata ya kuazima stationery ya jirani. Ichomeke kwenye tundu la USB la TV na mshale utatokea kwenye kioo kama kompyuta. Kitufe cha kushoto ni kuchagua, cha kulia ni kurudi nyuma. Nenda kwenye mipangilio ya TV, chagua mtandao wowote unaotaka, andika nywila kwa kubofya kibodi itakayojitokeza. Nimeiweka ya pili kwa sababu si kila nyumba ina mausi, lakini kila nyumba ina mtu wa kumpigia simu.

Angalia pia ukingo wa juu wa Infinix yako. Ukiona kidoa cheusi kama tundu dogo lenye kioo, inawezekana simu ina infraredi yake, na hiyo haihitaji mtandao hata kidogo. Simu nyingi za Redmi zinayo, na baadhi ya Infinix za miaka ya karibuni. Zenye nayo huja na programu ya rimoti tayari ndani. Unachagua aina ya TV na kujaribu vitufe.

Tuje kwenye Jumapili. Hapa wewe umeuliza jambo moja, lakini ndani yake kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: kurusha na kuakisi.

Kurusha ni pale unapofungua YouTube kwenye simu, ukagusa ile alama ya kibox chenye mawimbi pembeni, na video ikatokea kwenye TV. Simu haipeleki video. Inaiambia TV "fungua hii", halafu TV inaivuta yenyewe kutoka intaneti. Ndiyo maana unaweza kupokea simu, hata kuzima kioo, na video ikaendelea. Ila bando linaliwa na TV, na TV kwa ukubwa wake hupenda picha ya ubora wa juu. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida, hadi GB 3 kwa HD na hadi GB 7 kwa 4K. Kwa hotspoti ya bando la siku, hesabu hiyo unaimaliza mwenyewe.

Kuakisi ni kuionyesha TV kioo chote cha simu kama kilivyo. Kila unachogusa kinaonekana. Hapa simu ndiyo inayofanya kazi yote: inapata moto, inakula chaji, na picha inaweza kuchelewa kidogo nyuma ya kidole. Kwa video iliyo ndani ya simu, hailambi bando, kwa sababu picha inatoka simu kwenda TV bila kupitia intaneti. Kwa TV yako ya Google, njia nyepesi ni programu ya Google Home: gusa jina la TV, chagua kutuma skrini. Samsung wanaiita Smart View, na kwenye simu nyingine utaikuta kwenye vitufe vya kushusha kutoka juu kwa jina la Cast au Wireless Display. Majina ni mengi kwa sababu mifumo yenyewe ilianza tofauti. Mwaka 2012 Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni za vifaa vya Wi-Fi, walileta Miracast, inayounganisha simu na TV moja kwa moja bila ruta. Mwaka 2013 Google wakaja na Chromecast, kifaa chao cha kurushia video kwenye TV, na kufikia Android 6 ya mwaka 2015 wakaiondoa Miracast kwenye Android yao. Baadhi ya watengenezaji wa simu wameibakiza kwa hiari yao. Kwa hiyo simu ya jirani ikiunganika na yako ikagoma, haimaanishi yako ni mbovu.

Na ukiakisi Netflix au programu ya mpira ya kulipia, usishangae kuona kioo cheusi na sauti inasikika. Ule ni ulinzi wa haki za kazi yao. Hakuna cha kutengeneza. Hizo zirushe, usiziakisi, au zifungue kwenye TV yenyewe.

Lakini kwa wazee wa Jumapili, dada, mimi nisingerusha wala nisingeakisi. Ningetumia flashi. Tafuta ile yenye vichwa viwili, kimoja cha simu na kimoja cha USB ya kawaida, nakili video, chomeka kwenye TV. Hakuna hotspoti ya kukatika katikati ya kumtunza bibi harusi, na simu yako inabaki mkononi kama rimoti. Angalia mambo mawili tu. Kwanza, kama video ni kubwa kuliko GB 4, flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 itaikataa hata kama ina nafasi tele. Ifomati iwe exFAT, kisha hakikisha TV inaisoma. Pili, kama video hiyo ilikufikia kwa WhatsApp, imebanwa. Kwenye kioo cha simu inang'aa, kwenye inchi 43 nyuso zitakuwa kama zimepakwa unga. Mtafute aliyepiga video akupe faili halisi. WhatsApp yenyewe inakubali kuituma kama dokyumenti hadi GB 2 bila kuibana. Yote haya fanya Ijumaa au Jumamosi, usisubiri wageni wakiwa wamekaa.

Ukiamua kuakisi hata hivyo, washa "Usinisumbue" kwanza. Kwa jamaa mmoja nilikuwepo picha za harusi zikipita kwenye TV, wakwe wametulia kimya, mara juu ya kioo ukashuka ujumbe wa kukumbushia mkopo wa simu, kiasi na tarehe. Hakuna aliyesema neno. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Waya wa kununua: usinunue. Muuzaji atakupa adapta ya USB-C kwenda HDMI na kukuhakikishia kwamba inafanya kazi na simu zote. Haifanyi. Tundu la simu lazima liwe na uwezo wa kutoa picha, unaoitwa DisplayPort kwenye maelezo ya simu, na simu nyingi za bei nafuu na ya kati hazina, ingawa tundu ni lile lile kwa macho. Galaxy S kuanzia S8 ya mwaka 2017 zinao, iPhone kuanzia 15 ya mwaka 2023 nazo zinao. Infinix yako naiwekea mashaka makubwa, na Samsung ya shemeji, kama ni Galaxy A ya kawaida, vilevile.

Rimoti iliyozama usiitupe bado. Toa betri, ifungue, futa ubao wa ndani kwa spiriti na pamba, iache ikauke siku mbili bila jua kali. Mchele hausaidii kitu, uupike tu. Ikishakauka weka betri mpya, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe cha kuwasha: ukiona kitaa cheupe au cha zambarau kinapepesa kwenye kioo cha simu, infraredi ni nzima. Isipowaka, utanunua nyingine. Ukienda dukani nenda na hiyo iliyokufa pamoja na picha ya karatasi ya namba iliyo nyuma ya TV, na uulize kama hiyo mpya ina kitufe cha maikrofoni, kile cha kuiamuru TV kwa kuongea, kinachofanya kazi. Kinatumia Bluetooth, kwa hiyo baada ya kununua utaingia kwenye mipangilio ya TV, sehemu ya rimoti na vifaa, ili viunganishwe. Na hadi hapo simu yako itakuwa inaiongoza TV vizuri tu.