Kastingi ya msimu mpya: mliyoniuliza wiki hii

Tangazo lenyewe ni fupi. Ukumbi mmoja wa teyatri hapa Lubumbashi unafanya kastingi, yaani usaili wa wachezaji: unatafuta wanane wa kulipwa kwa msimu utakaoanza Oktoba, kwa vipande (michezo ya jukwaani) vinne, kimoja cha Kiswahili, vitatu vya Kifaransa. Kila mtu aje na teksti, maneno ya mhusika ya kusema jukwaani, ya dakika mbili. Basi. Tangu libandikwe simu yangu haijapumzika, maana wengi mnajua nimewahi kukaa nyuma ya ile meza ya wanaochagua. Msimu huu sikai, kwa hiyo nina ruhusa ya kusema. Nimechagua maswali machache, na marefu nimeyapunguza.

Mama, nimekulia kwenye kundi la mtaa. Hatujawahi kushika karatasi: mkubwa wetu anatupa kisa, tunagawana watu, tunacheza. Hiyo teksti ya dakika mbili nitaitoa wapi? Na niseme Kiswahili au Kifaransa? (Kijana wa Katuba)

Mwanangu, usione haya hata kidogo. Mji huu ulijifunza teyatri hivyo hivyo. Kundi la Mufwankolo, ambalo wazazi wako walikuwa wakiacha bukari ipoe ili walisikilize, lilijenga vipande vyake bila karatasi. Watu wanakaa, wanabishana juu ya kisa, wanakikata sehemu sehemu, kila mmoja anajua anaingia akitaka nini na anatoka amepata nini, na maneno yanakuja yenyewe. Mwaka 1986 walichukua usemi mmoja tu, kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi, wakautolea kipande kizima. Hiyo si kazi ya watu wasiosoma teyatri.

Shida yako iko kwingine. Umezoea kuwa na mwenzako anayekujibu. Kwenye kastingi uko peke yako, na mtu aliyezoea kubuni akiachwa peke yake huzunguka: anasema jambo moja mara tatu akingoja kujibiwa, na dakika mbili zimekwisha.

Fanya hivi. Chukua onyesho mlilolicheza mara nyingi, ambalo wewe ndani yake unamtaka mtu kitu. Usichukue hotuba. Usichukue pia kilio cha msiba. Kila mwaka nyuma ya ile meza tunazika mama kumi na wawili kabla ya saa sita. Weka simu irekodi mkicheza wawili. Kisha kaa chini uandike maneno yako tu, ya mwenzako uyaache kama pumzi. Utakuta ni dakika sita. Kata. Kila mstari usiomsukuma yule mtu mwingine, utoe, hata kama ndio ulikuwa ukichekesha Katuba nzima. Yanayobaki yashike kama yameandikwa na mtu mwingine, neno kwa neno, kwa sababu watakuomba uyarudie kwa namna nyingine, na ukibadilisha maneno hawatajua kama umebadilika wewe au teksti.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mbele yetu kijana kama wewe, na kisa cha mpangaji anayedaiwa. Mwenye nyumba amekaa mlangoni, hatoki. Kijana alianza kwa kupiga kelele, kama tunavyofanya uwanjani ili mama aliyekaa nyuma kabisa, kando ya beseni lake la kapenta, naye asikie. Mwongozaji akamkatiza: "Rudia. Ila mwenye nyumba ana mtoto mgongoni, amelala." Kijana akanyamaza kidogo. Akavua viatu. Akaanza upya kwa sauti ya chini, viatu mkononi, na kila alipotaka kupandisha sauti alitupa jicho mgongoni kwa yule mama ambaye hakuwepo. Hakufika hata kwenye franga za miezi mitatu anazodaiwa. Tulikuwa tumeshaandika jina lake. Nakwambia hili kwa sababu hakuwa bora kuliko wengine mara ya kwanza. Alikuwa bora mara ya pili, na mara ya pili ndiyo inayotafutwa pale. Mtu utakayefanya naye mazoezi wiki sita, unataka kujua akiambiwa jambo linamwingia.

Kuhusu lugha: wana kipande kimoja cha Kiswahili, kwa hiyo njoo na Kiswahili, na nusu ukurasa wa Kifaransa uwe mfukoni, umeujua. Kiswahili chetu, kile cha Katuba. Mimi hapa naandika sanifu kwa kuwa nina wasomaji Kalemie na Dar es Salaam, lakini jukwaani nasema "batu" kama watu wote.

Walinikatiza baada ya nusu dakika, wakasema "merci". Ndiyo nimeanguka?

Hapana, wala hujapita. Kuna waongozaji wanaojua ndani ya sekunde ishirini kwamba wanakutaka, na kuna wengine ambao tumbo linawauma. Sema asante, chukua mfuko wako, toka kwa mwendo ule ule ulioingia nao. Nimewaona watu wakicheza vizuri kisha wakatoka wakitikisa kichwa na kunung'unika, na mezani mtu akasema: huyu atatuchosha.

Nimekataliwa mara mbili, na waliochukuliwa hawanifikii. Niambie ukweli. (Dada wa Kamalondo)

Ukweli, mdogo wangu, ni hesabu. Kama ni kipande kimoja, wanatafuta mtu anayemfaa mhusika. Msimu ni jambo jingine: watu wanane wanapaswa kubeba vipande vinne, na vipande vinne vinaweza kuwa na watu ishirini na watano ndani yake. Kwa hiyo mezani hatuulizi tu nani anacheza vizuri. Tunapanga picha na karatasi za maisha (CV) juu ya meza kama karata. Huyu akiwa baba katika kipande cha kwanza, anaweza kuwa askari katika cha tatu? Tukimchukua huyu binti mrefu, yule kijana mfupi tuliyempenda atakuwa mume wa nani? Nani anaimba? Nani anacheza ngoma na bado akasema Kifaransa cha Molière bila kujikwaa? Niliwahi kuona mchezaji bora wa siku nzima akiachwa kwa sababu sauti yake ilifanana mno na ya mtu aliyekwisha chukuliwa. Ukifumba macho huwajui nani ni nani.

Unachoweza kufanya ni kuwarahisishia hesabu. Kwenye karatasi yako andika kila kitu ambacho mwili wako unajua: lugha zote, Kibemba, Kiluba, Tshiluba, Lingala, kuimba na sauti ya aina gani, kupiga ngoma, kushona, ndiyo, hata kushona. Na usidanganye. Ukiandika gitaa, watakuletea gitaa.

Picha iwe ya namna gani? Studio ya karibu na kwetu wana pazia zuri lenye maporomoko ya maji.

Achana na maporomoko. Simama kando ya dirisha asubuhi, ukuta mtupu nyuma yako, mtu akupige uso na mabega. Bila miwani ya jua, na usiiruhusu simu ikulainishe ngozi. Picha ikae nyuma ya karatasi yako, zimepigwa pini pamoja, maana jioni karatasi mia moja zikichanganyika, uso usio na jina hauitwi.

Niko Kolwezi. Kilomita mia tatu kwa dakika mbili? Naweza kutuma video?

Tangazo halikatazi, kwa hiyo waulize kwanza, kisha tuma. Simu ilale upande, isimame juu ya kitu, isishikwe na mdogo wako anayecheka. Mwanga mbele yako. Taja jina lako na kipande, nyamaza sekunde mbili, anza. Macho yako yamwelekee mtu aliyesimama pembeni kidogo ya simu, siyo ndani ya simu. Na ngoja jenereta la jirani lizimwe. Uso wenye giza tunauvumilia; sauti isiyosikika tunaifunga.

Wakikuita duru ya pili, uje mwenyewe. Hapo uliza bila aibu kama kuna transipoti.

Ukumbi hauna maikrofoni, na Agosti vumbi linanikausha koo. Nifanyeje?

Kunywa maji tangu siku iliyotangulia, siyo pale mlangoni. Sauti haisukumwi kutoka kooni. Mtu wa mstari wa mwisho anasikia konsonanti, kwa hiyo maliza maneno yako. Jengo letu kubwa la teyatri, lile la miaka ya 1950 alilolichora Claude Strebelle, siku hizi tunaliita Bâtiment du 30 Juin na wabunge wa mkoa ndio waliolizoea zaidi kuliko sisi. Tunaobaki tunacheza kwenye kumbi zenye mabati. Shukuru ni kiangazi: mvua ya Januari ikianza, hata simba hasikiki.

Mtu aliyejiita msaidizi wa mwongozaji ananiomba dola ishirini za kujiandikisha, na anasema tukutane jioni hotelini tusome teksti.

Usitoe franga hata moja, na usiende. Kastingi ya kweli hailipishi anayekuja. Inafanyika mchana, mahali panapojulikana, na watu zaidi ya mmoja ndani ya chumba. Hifadhi ujumbe wake, usiufute. Piga simu ukumbini kwenyewe, kwa namba iliyo kwenye tangazo siyo aliyokupa yeye, uulize kama wanamjua. Kama wanamjua, ndipo wanahitaji zaidi kusikia. Nikiwa na miaka ishirini na miwili niliombwa kitu kama hicho na mtu mwenye cheo, nikanyamaza kwa kuogopa kukosa nafasi. Nafasi niliikosa vilevile. Na wakati wa kastingi yoyote unaweza kwenda na dada yako akakungoja nje; anayekasirika kwa hilo amejieleza.

Binamu yangu yuko Chicago, anasema huko huwezi kupanda jukwaani bila chama. Ni kweli? Sisi kwa nini hatuna?

Amekwambia nusu. Marekani wachezaji wana chama chao, Actors' Equity Association, tangu 1913, na kumbi nyingi kubwa za mikoani ziliungana mwaka 1966 katika League of Resident Theatres, kwa hiyo pande mbili hizo zinakaa na kuandikiana mkataba. Kumbi hizo hufanya kastingi ya msimu ambayo wanachama hupita kwanza. Asiye mwanachama anaandika jina, anakaa kwenye benchi, na muda ukibaki anaitwa. Wanataka mara nyingi teksti mbili zinazopingana, moja ya kuchekesha na moja nzito, zote ndani ya dakika chache; na kama kuna muziki, mizani (mesures) kumi na sita tu ya wimbo. Unaimba hadi unaanza kupendeza, wanakwambia asante. Ila kumbi ndogo zisizo na mkataba huo zipo tele Chicago, na watu huanzia huko. Tangu 2021 chama chenyewe kimelegeza mlango: ukithibitisha umewahi kulipwa kwa kucheza, unaweza kuomba kuingia.

Mkataba huo una gharama yake pia: maonyesho manane kwa wiki ni jambo la kawaida kule. Binamu yako akikuta hata Jumapili wanacheza mara mbili kwa siku, asishangae.

Sisi kwa nini hatuna? Tumejaribu kuungana mara nyingi, na kila mara kundi moja linataka mwenyekiti atoke kwake. Rudi usome ule usemi wa 1986.

Nikichukuliwa, niulize nini kabla ya kutia sahihi? Naogopa wataniona mtu wa franga. (Baba wa watoto watatu, Ruashi)

Wewe ni mtu wa franga, baba. Watoto watatu hawali makofi. Uliza kama mazoezi yanalipwa au ni maonyesho peke yake. Hapo ndipo wengi huumia: wiki sita za mazoezi bure, maonyesho manne ya kulipwa. Uliza onyesho likiahirishwa, kwa umeme au kwa jambo lingine, unalipwa nini. Uliza usiku nani anakufikisha Ruashi, kwa sababu saa nne taksi-basi zimeshapungua na zilizopo zinadai mara mbili. Televisheni ikija kurekodi, kuna malipo mengine? Na kiasi kiandikwe, pamoja na tarehe ya kulipwa, na kama ni dola au franga, kwa kiwango cha siku gani. Ukumbi makini hautakasirika. Wengine watakwambia "sisi ni familia hapa". Familia nayo iandike.

Lazima niwe na diploma ya INA (Institut National des Arts)?

Hapana. Ni shule nzuri, iko Kinshasa, aliyeipata aiandike. Tangazo halikuitaja.

Nina miaka hamsini na minne, nimelea, nimestaafu kufundisha, na zamani nilicheza shuleni. Nikija si watanicheka? Na nina mjukuu wa mwaka mmoja ninayebaki naye mchana.

Njoo, mama yangu. Mlango wa kastingi hujaa vijana wa miaka ishirini na mitano wanaogombea nafasi ile ile, huku kila kipande kina shangazi, bibi, hakimu, mama mkwe, na tunaishia kumpaka binti unga kichwani. Chagua teksti ya mwanamke wa umri wako anayeamuru kitu. Mwalimu mstaafu hahitaji kufundishwa kuamuru. Fika saa mbili asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Mjukuu mlete, mfunge mgongoni ukiwa unangoja, na ukiitwa mpe dada anayeandika majina pale mezani. Ana wanne wa kwake.