Re: Mzee kapoteza macho ukubwani, aanzeje Qur'ani ya nukta nundu?

Wa alaykum salaam ndugu. Umeuliza kama mzee wako wa Kirumba, Mwanza, aanze nukta nundu (maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole) na Al-Fatiha kwa kuwa keshaihifadhi. Hapana, hiyo iache kwanza. Mdomo utasoma kwa kumbukumbu huku kidole kinateleza tu, nawe utadhani anasoma.

Kata vishimo sita vya trei ya mayai, safu mbili za vitatu, utie gololi mahali pa nukta za herufi. Kushoto kutoka juu ni 1, 2, 3; kulia 4, 5, 6. Akizoea, hamia kwenye karatasi na silabi zisizo na maana. "Ba" ni nukta 1-2, kisha nukta 2 peke yake, ndiyo fat-ha, alama ya irabu "a". "Bi" ni 1-2, kisha 1-5. Irabu hufuata herufi, ila shadda (alama ya kukaza herufi, nukta 6) hutangulia. Na mwambie mapema: Kiarabu hiki husomwa kushoto kwenda kulia. Waliosoma madrasa hubisha sana hapo.

Kinachosumbua zaidi ni alifu (nukta 1) na fat-ha (nukta 2). Zote ni kinundu kimoja, tofauti ni mahali kilipo tu, juu au katikati. Afuate mstari kwa vidole viwili, asikandamize. Akikandamiza, kidole hufa ganzi na nundu hubonyea. Kama amevuta nyavu miaka mingi, ncha zina sugu: ajaribu kidole cha pete au mkono mwingine.

Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zinatosha. Majuzuu (vitabu vya sehemu za Qur'ani) yasimamishwe rafuni, yasilaliane, na mbali na unyevu wa ziwa.