Re: Hadubini ya TB inaweza kuonyesha minyoo kwenye kipande cha pafu?

Dada, umeuliza kama ile hadubini ya LED mnayosomea makohozi yenye auramini (rangi inayofanya vijidudu vya TB ving'ae) inaweza kutumika na Calcofluor, rangi nyingine inayong'aa, kutafuta minyoo. Kwa kawaida haiwezi. Auramini huamshwa na mwanga wa buluu. Calcofluor inataka urujuanimno (mwanga wa UV). Utaweka slaidi, uone giza tupu, halafu ulaumu rangi bure.

Calcofluor hunata kwenye kaitini (kitu kigumu cha maganda ya wadudu na kuvu) na selulosi ya mimea. Imesaidia pia kumfichua mnyoo wa moyo wa mbwa ndani ya pafu la binadamu: anakuwa ameshakufa kwenye mshipa, ameoza, na kwa rangi za kawaida huenda ukaona uvimbe tu. Lakini uzi wa pamba nao unawaka vilevile! Niliwahi kumwita mwenzangu mbio aje aone "mnyoo", kumbe ni nyuzi za koti langu. Alicheka wiki nzima.

Huku kwetu Kisumu, mimi ningeanza kushuku kichocho cha tumbo. Mayai ya mnyoo wake yakilikwepa ini lililoharibika hufika mapafuni, na ganda lake hung'aa lenyewe chini ya urujuanimno, bila rangi yoyote. Shida ni kwamba nyuzi za pafu na chembe nyekundu za damu nazo hung'aa, kwa hiyo ukipaka Calcofluor, weka pembeni kipande kisichopakwa rangi ulinganishe.

Kama urujuanimno hamna, jaribu Ziehl-Neelsen, ile rangi nyekundu ya TB inayosomwa kwa mwanga wa kawaida. Ganda la yai la mansoni (mnyoo wa kichocho cha tumbo) hushika wekundu, la haematobium (wa kichocho cha mkojo) halishiki. Tafuta na ule mwiba wa ubavuni mwa yai la mansoni, ingawa kipande kikikatwa vibaya huupati.