Semina si likizo: Matroni anajibu maswali ya manesi

Maswali ya namna ya kwenda kufanya kazi Uingereza nimeyaweka kando. Nimeyajibu hadi nimechoka. Tafuteni majibu ya nyuma.

*Shikamoo Matroni. Nilikuwa wodi ya korona Kisumu mwaka 2021. Tangu wakati ule mgonjwa akifariki sisikii kitu. Naandika saa, namwandaa marehemu, nakwenda kunywa chai. Nimekuwa mtu mbaya?*

Marahaba mwanangu. Hapana. Huo ni uchovu wa huruma, yaani moyo kuchoka kwa kuwahurumia wengine kila siku, na haukuanza na korona: Carla Joinson aliandika kuuhusu kule Marekani mwaka 1992, akiwazungumzia manesi wa idara ya dharura. Juni 2021, kirusi cha Delta kilipowaka, serikali ilizitaja kaunti 13 za magharibi na ziwani kuwa kitovu cha maambukizi. Siku za kawaida mgonjwa akizidiwa ndugu huja, wakaomba, wakalia, na kilio kikagawanywa. Nyinyi mlibaki peke yenu. Mlitia simu kwenye mfuko wa plastiki ili ipanguswe kwa spiriti, mkaishikilia sikioni mwa mtu asiyeweza kujibu huku mwanawe akimwita kutoka upande wa pili. Kisha mkavua gauni na kumfuata mgonjwa wa kitanda kinachofuata.

Kutosikia kitu ni kinga, na kwa muda husaidia. Kunaniogofya kunapokufuata nyumbani: mtoto analia nawe unamtazama tu, usingizi umekata, ukikaribia geti la hospitali tumbo linasokota. Ukifika hapo omba kuhamishwa wodi, kwa maandishi, nakala ubaki nayo. Tafuta mshauri nasaha ambaye si bosi wako. Na kama umeshawaza kujidhuru, nenda leo, usingoje zamu iishe.

*Tumeitwa mafunzo ya ustahimilivu Jumamosi, na ndiyo siku yangu ya mapumziko. Niende?*

Chai ikiwa nzuri, nenda. Ukifika nyoosha mkono uulize: usiku nesi mmoja anaangalia wagonjwa wangapi? Utaona mwezeshaji anavyohamia slaidi inayofuata. Desemba 2020 manesi wa Kenya waligoma, na mgomo ukavuka hadi mwaka mpya. Walidai vifaa vya kujikinga, bima ya afya na posho ya kufanya kazi hatarini. Sikumbuki dai la kufundishwa kuvuta pumzi. Nesi anayevumilia zamu mbili mfululizo hahitaji kufundishwa kuvumilia, anahitaji mwenzake wa pili. Mimi ninayoyaamini ni mazungumzo ya robo saa baada ya kifo kizito, palepale wodini, ndani ya saa za kazi, matroni naye akiwa ameketi badala ya kusimama na kalamu. Hayo hayana bajeti, labda ndiyo maana hayafanywi.

*Kwani hamkujua uuguzi ni wito?*

Mwenye nyumba wangu hajawahi kupokea wito mwisho wa mwezi. Swali linalofuata.

*Mke wangu ni nesi. Akirudi kazini hataki kuongea. Nimempeleka kwa mchungaji aombewe, bado.*

Shemeji, maombi sikatai. Lakini siku hiyo ya maombi nani alipika? Akitoka zamu ya usiku watoe watoto nje, chakula kiwe tayari, na usimhoji mlangoni. Ataongea akipenda, pengine jikoni, pengine mwezi ujao. Na ile kauli ya "si uache kazi basi" iache wewe, hasa kama karo inatoka kwake.

*Nijiandikie dawa gani ya usingizi?*

Hakuna! Mnaniuliza hili kila mara. Dawa za stoo ya wodi si zako, na najua manesi walioanza na kidonge kimoja baada ya zamu ya usiku wakaishia kuzihitaji mchana. Mwone daktari kama mgonjwa mwingine yeyote.

*Korona iliisha. Kwa nini bado mnalia? Pia, bima yangu inasimamia matibabu ya akili?*

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura Mei 2023. Shirika hilohilo lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 huenda wahudumu wa afya 80,000 hadi 180,000 walikufa kwa korona duniani. Zamu zao zimebebwa na waliobaki, na wengine bado wanazibeba. La bima liandike upya, useme kama uko kwa mkataba au umeajiriwa kwa kudumu, na kaunti gani. Bila hayo siwezi kukujibu.