Nilirekodi masomo 23, akanunua shemeji

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kasulu, fundi cherehani, alinitumia ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Nasikia unafundisha ufundi wa mashine kwa simu na watu wanalipa. Mimi nina miaka 14 kwenye kushona. Nianzeje?" Nilimjibu kwa voisi ya dakika tisa. Mke wangu akasema nimemchosha mtoto wa watu bure. Basi naandika, na wengine msome.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, hizi za kupachika nyuma. Nilianza kama saidia fundi pale Kibirizi, Kigoma, nikakaa chini ya fundi mkuu mmoja miaka 11, ndipo nikafungua kibanda changu. Cheti nilichonacho ni kile cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, cha kurasimisha ujuzi, kwa sisi tuliojifunzia mtaani. Nakitaja kwa sababu kuna mtu hakuamini kama naweza kumfundisha yeyote. Tutafika kwake.

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane. Boti zikapandishwa mchangani. Mvuvi asiyeenda ziwani hana shida na fundi. Wiki mbili za mwanzo nilicheza bao. Ya tatu nikajisemea, kichwani nina mali, kwa nini nisiiuze?

Nikakopa shilingi 280,000, nikanunua stendi ya simu, taa na maiki ya kubana kwenye kola. Nikarekodi masomo 23. Somo la kwanza likawa historia! Nilieleza meli ya Liemba ilivyoundwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani walivyoizamisha wenyewe mwaka 1916 baada ya kuzipaka grisi injini zake, ilivyoopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Dakika 40. Nilijiona profesa. La pili, stroki mbili na stroki nne. La tatu, majina ya spea. Kozi nzima 50,000.

Walinunua watu watatu. Mmoja shemeji yangu, kwa huruma. Wa pili alidhani anauziwa mashine, nikamrudishia hela yake. Wa tatu sijawahi kumsikia tena.

Na huku kijiweni yule fundi wangu mkuu wa zamani anatangaza kwamba nauza siri za wazee, na kwamba aliyeshindwa gereji ndiye hukimbilia simu. Iliniuma. Hata sasa ninavyoandika inaniuma. Miaka 11 nimembebea sanduku la spana.

Agosti ziwa likafunguliwa, na simu yangu haikupumua. Mashine zilikuwa zimelala miezi mitatu na petroli ndani ya kabureta. Petroli ikikaa hivyo inaacha utando kama gundi, tundu za jeti, vile vipenyo vya kupitishia petroli, zinaziba, utavuta kamba mpaka bega lichomoke na mashine haikohoi. Siku nne nilipigiwa na watu 31. Nilikuwa nawaandika nyuma ya daftari la madeni. Watu 26 ugonjwa ni huohuo mmoja.

Na dawa yake ilikuwa kwenye kozi yangu, somo la 19! Kabla ya kuihifadhi mashine, ikiwa bado majini inaunguruma, chomoa mpira wa petroli uiache imalize iliyobaki mpaka izime yenyewe. Fungua plagi, tia matone ya oili kwenye silinda, vuta kamba polepole mara chache, rudisha plagi. Iweke ikiwa imesimama wima. Basi. Wale Wajerumani na grisi yao walikuwa na maana hiyohiyo, ila mimi nilikuwa nimeigeuza hadithi ya meli.

Usiku ule nikarekodi dakika 12, kabureta chafu ya mteja mkononi, watoto wanapiga kelele nyuma. Bei shilingi 3,000. Mwezi ulipoisha walikuwa wamelipa watu 118. Nikamaliza mkopo. Shemeji naye akadai 50,000 yake.

Kwa hiyo dada yangu, daftari kwanza, kamera baadaye. Andika kila swali unaloulizwa bure. Likirudi mara ya kumi, hilo ndilo somo lako la kwanza. Usianze na historia ya cherehani. Narudia, historia ya cherehani iache.

Halafu ujue mwanafunzi wako yuko wapi saa hiyo. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, maana taa ndiyo inayowavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haifui dafu, wanapumzika. Mimi nilikuwa naingia mubashara saa mbili usiku, giza nene, nashangaa mbona niko na shemeji tu. Siku hizi madarasa yangu yote ni ya mbalamwezi. Wewe usiweke darasa Januari watu wanaposhona sare za shule, wala wiki ya kuelekea Idi.

Hela ya matangazo ya YouTube usiingoje. Wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ningekufa njaa. Pokea kwa lipa namba, chukua TIN, ile namba ya mlipakodi, na ukitaka chaneli ya kudumu waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema habari za leseni.

Darasa langu sasa ni wiki mbili, shilingi 15,000. Lililoisha Ijumaa lilikuwa na watu 64: wa Kirando, wa Ikola, na mmoja wa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa, anayelipiwa na binamu yake wa Ujiji. Piga hesabu mwenyewe, mimi naona aibu. (Sioni aibu. Ni 960,000.) Vijana wetu wanalia eti Kigoma ni mwisho wa reli. Mwisho kwa anayetoka Dar! Mnalala na ujuzi wa miaka kumi mnasubiri mtu aje awaamshe.

Najua video zangu zinauzwa kwenye magrupu ya watu kwa buku. Waziuze. Mtihani wangu ni wa sauti: kila mmoja anarekodi mashine yake inavyolia, wenzake wanataja ugonjwa, mimi nasahihisha. Hilo hulikuti kwenye video ya kuiba.

Kwenye darasa hili la juzi kulikuwa na kijana aliyejiandikisha kwa namba ya mama yake. Akatuma sauti ya mashine inayochemka, nikajibu aangalie tundu la kuvutia maji, labda kuna mfuko wa plastiki. Akarudisha voisi kuuliza tena, na nyuma yake nikasikia sauti ninayoijua kwa miaka 11, inanong'ona kwa hasira: "Mwambie na impela je?"

Na kweli, impela, ile feni ndogo inayosukuma maji ya kupoza mashine, nilikuwa nimeisahau.