Kwa nini kliniki inauliza habari za chakula

Dada, umeshangaa kliniki ya huko Marekani kumuuliza mama kama chakula huisha nyumbani kabla pesa nyingine haijapatikana, wakati yeye alikwenda kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Swali hilo ni la matibabu kabisa. Akichoma insulini, dawa ya kushusha sukari, kwa dozi ileile huku hajala, sukari ya damu inashuka mno: jasho jembamba, mikono kutetemeka, hata kuzimia. Daktari akijua, atapanga upya dozi. Mara nyingi huuliza pia kodi ya nyumba, usafiri, umeme na usalama. Mama ana haki ya kutojibu. Ila ombeni apewe mkalimani, msimtumie mtoto kutafsiri; mama gani atasema mbele ya mwanawe kwamba analala njaa? Na akijibu ndiyo, ulizeni hapohapo watamuunganisha na nani wa kumsaidia kupata chakula.